Picha, Korosho na Kibali cha Kungwi

Kalenda yangu ya kazi haianzi Januari. Inaanza Oktoba, siku ya mnada wa kwanza wa korosho, pale watu wa Newala na Tandahimba wanapoacha kuzungumzia mpira na kuanza kuulizana bei. Mimi ni mpiga picha, naishi Mtwara mjini, na sina mkorosho hata mmoja. Lakini bei ikianguka, naanguka nayo.

Nalisema hili mapema kwa sababu vijana wanaokuja ofisini kwangu Chikongola (usishtuke na neno ofisi, ni chumba kimoja chenye feni na pazia jeupe) karibu wote huniuliza wanunue kamera gani. Sijui kwa nini hawaulizi mteja wa huku anapata pesa lini, na anaipata kutoka kwa nani. Kamera utaipata tu, ya mtumba au ya kuazima kwa shemeji. Hilo swali jingine ndilo linaloamua kama mwakani utakuwa bado kazini, au kamera utakuwa umeshaiuza ili mwenye nyumba asikutolee vyombo nje.

Sikuanza na harusi wala unyago. Nilianza na kazi za kampuni za gesi, mwaka 2012. Wakati ule mji ulikuwa umechangamka vibaya. Kila wiki kulikuwa na semina, ziara, uzinduzi wa hiki na kile, wageni wenye makoti ya kung'aa wanaokwenda Msimbati na kurudi. Nyumba za Shangani zilipanda kodi, hoteli zikajaa, na mtu yeyote mwenye kamera inayotoa flashi aliitwa bosi. Kampuni ikitaka picha za mkutano wa saa tatu ilikulipa pesa ambayo harusi ya siku mbili haikupi. Nilikuwa binti mdogo tu, nimejifunza kupiga picha za pasipoti kwenye studio ya mjomba wa rafiki yangu, na ghafla nikawa natuma ankara yenye nembo.

Wenzangu wengi waliacha kabisa kazi za mtaani. Harusi wakaziona kelele. Ukimwambia mtu twende Nanyamba kuna wali (mabinti waliochezwa unyago) wanatolewa, anacheka. Sikuwa na akili kuliko wao. Mama yangu ni mtu wa Newala, na jirani akiwa na shughuli mama hakuwa anauliza kama nina nafasi, ananiambia tu saa ya kuondoka. Kwa hiyo Jumatatu niko ukumbini na kiyoyozi, Jumamosi niko kijijini juu ya uwanda, nimekaa kwenye gogo, nakula ming'oko (mizizi ya porini), na watoto wanachungulia lenzi.

Bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam lilizinduliwa Oktoba 2015. Lilipokwisha kujengwa, wajenzi waliondoka, na semina ziliondoka nao. Ule mradi mkubwa wa Lindi, wa kusindika gesi kuwa kimiminika, tuliambiwa unakuja, na kila aliyekuwa na kamera alikaa mkao wa kula. Nadhani wapo waliokaa hadi leo. Mwaka uliofuata niliona matangazo ya kamera zinazouzwa kwenye magrupu ya WhatsApp mengi kuliko matangazo ya viwanja. Walioendelea kula ni wale ambao akina mama wa vijijini walikuwa na namba zao.

Hapo ndipo nilipoanza kuisoma korosho kama mkulima. Kuanzia Juni watu wanapulizia salfa, pesa hakuna, kila mtu anadaiwa pembejeo. Oktoba hadi Januari minada inaendelea, chama cha msingi cha ushirika kinakusanya, mzigo unakwenda ghalani, unauzwa mnadani, na malipo yanaingia benki. Sasa tatizo ni hili: likizo ya Juni na Julai ndiyo moja ya nyakati kubwa za unyago, maana wanafunzi wako nyumbani. Shughuli iko Julai, pesa iko Novemba. Mtu wa mjini akiliona hilo anasema wateja wa huku wasumbufu, hawalipi. Wanalipa, tena kwa heshima kuliko maofisa wengi niliowahi kuwafuatilia. Wanalipa ikiwepo.

Kwa hiyo nikapanga bei yangu kwa misimu miwili. Kianzio unanipa kabla ya shughuli, kiasi cha nauli, mafuta, betri na chakula cha msaidizi wangu, yaani kiasi ambacho hata usipomaliza sitakuwa nimekula hasara ya mfukoni. Salio unamaliza baada ya mauzo, na albamu iko kwangu mpaka siku hiyo. Tunaandika. Karatasi moja, Kiswahili cha kawaida, majina, tarehe, idadi ya picha, saini au dole gumba, na shahidi mmoja wa upande wao. Mwanzoni walinishangaa. Baba mmoja wa Kitangari aliniuliza kama nimekuja kupiga picha au kununua shamba. Siku hizi wao ndio wanaouliza, "Ile karatasi yako iko wapi?"

Jambo moja nililikataa toka mwanzo na nalikataa mpaka kesho: kulipwa korosho. Utaambiwa, "Dada, pesa sina, chukua kilo kadhaa ukauze." Inasikika kama msaada. Lakini ukichukua korosho ya mtu kabla ya msimu kwa bei ya shida, umeingia kwenye kangomba, na kangomba ni kosa, achilia mbali kwamba ni kumkamua mtu ambaye mwanao na mwanawe watacheza ngoma moja. Wapo wapiga picha waliofanya. Siwataji, wanajijua, na wateja wao pia wanawajua.

Mwaka 2018 ulinipa jaribio la mfumo wangu wote. Wakulima waligomea bei ya minada ya mwanzo, Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa Sh 3,300 kwa kilo, jeshi likaja na malori kubeba mzigo. Bei ilikuwa nzuri masikioni. Lakini malipo yalisubiri uhakiki, na uhakiki ulisubiri wahakiki, na wengine walikaa miezi wakiangalia simu. Nilikuwa na albamu kabatini zimejaa hadi juu, nzuri, zimefungwa kwa plastiki, na hakuna wa kuzichukua. Harusi za Desemba zikasogezwa. Kamati zikavunjwa kimyakimya. Nilipiga picha za pasipoti, nikapiga picha za vitambulisho vya shule, nikafundisha kijana wa duka la fotokopi kusafisha picha kwa malipo ya chakula cha mchana. Hivyo ndivyo nilivyopita. Kazi ya sanaa huku ni kama mkorosho wenyewe, kuna mwaka unazaa na kuna mwaka unakuangalia tu.

Ila sijaeleza bado kwa nini akina mama wananiita mimi na siyo kijana wa Dar mwenye droni.

Unyago una nje na una ndani. Nje ni siku ya kuwatoa wali: nguo mpya, mwavuli, poda, ngoma, watu wanawabeba mabegani na kuwatunza noti, mashangazi wanalia na kucheza kwa wakati mmoja. Hiyo ni yetu sote, piga picha uwezavyo. Ndani ni ndani. Mimi nilichezwa unyago, najua kilichomo, na sitakiandika hapa wala popote. Mpiga picha asiyeujua mpaka ule ataupita bila hata kujua, maana hauna uzio. Unaweza kuwa wimbo fulani unaoanza, au kitu fulani kimewekwa juu ya mkeka, au tu kungwi amebadilisha namna alivyojifunga kanga.

Nakumbuka bibi mmoja, kungwi maarufu upande wa Tandahimba, mara ya kwanza nilipokwenda kwake na begi langu. Nilimpigia magoti, shikamoo bibi, marahaba. Akaniangalia kwanza miguu, kisha kamera.

"Hicho kinazima?"

"Kinazima, bibi."

"Nikisema kizime, utakizima, au utakishusha tu kama wanavyofanya wale wengine?"

Nikamwonyesha swichi. Akaniambia niweke kamera chini kwenye mkeka, kioo kikiangalia juu, na nisiishike mpaka yeye mwenyewe aseme. Nilikaa hivyo tangu asubuhi mpaka jua lilipopinda. Aliposema, nilipiga. Jioni akaniita, akataka kuona. Nikamfundisha kitufe cha kusogeza picha. Alizipitia moja moja, kidole chake kikubwa chenye unga wa muhogo kikibonyeza taratibu, bila kusema neno, kama karani anayehesabu pesa za watu. Kwenye picha moja akasimama. Mwali alikuwa ametoka vizuri kabisa, mwanga umempata usoni, picha ambayo ningeitundika ukutani. Nyuma yake, mbali, kwenye ukungu wa lenzi, mlango wa banda la unyago ulikuwa wazi.

"Futa hii."

Nikafuta.

"Na ile kadi nyingine?"

Nilibaki mdomo wazi. Kamera yangu inaandika kwenye kadi mbili, moja ya akiba. Mjukuu wake alisoma Dar na alikuwa amemweleza. Nikafungua kadi ya pili, nikafuta mbele yake, akaitikia kwa kichwa, akaagiza niletewe maji ya kunawa. Tangu siku hiyo nafungua kadi zote mbili kabla sijaombwa.

Halafu likaja lile la watengenezaji wa filamu. Walitoka nje ya nchi, watu wastaarabu tu, vibali vyao kutoka Bodi ya Filamu walikuwa navyo kwenye faili. Walinitafuta niwe mwenyeji wao: niwapeleke vijijini, nitafsiri, nipige picha za mnato wakati wao wanachukua video. Malipo ya siku moja yalikuwa sawa na yangu ya mwezi wa kawaida. Tulikwenda vizuri siku za mwanzo. Tulipiga wabangua korosho, tukapiga wachonga mpingo, tukapiga ngoma ya sindimba. Kisha kiongozi wao akasema anataka ndani ya unyago. Nikamwambia hapana. Akasema kibali kinaruhusu. Nikamwambia kibali kimetoka Dar es Salaam, na banda liko hapa. Akaongeza dau. Msaidizi wangu alinikanyaga mguu chini ya meza.

Nilikataa, wakalipa siku nilizofanya, wakapata mwingine. Huyo mwingine aliwaingiza. Sitasema kijiji.

Ungetegemea niseme kwamba wazee walinisifu na kazi zikamiminika. Wapi. Habari zilipoenea, makungwi wa vijiji kadhaa walipiga marufuku kamera zote, na yangu imo. Msimu mzima nikawa sipati mwaliko upande ule. Nilipokwenda kujieleza kwa yule bibi wa Tandahimba, aliniambia, "Mwanangu, mimi najua. Lakini nikiruhusu yako nitazuiaje ya mwenzio?" Sikuwa na jibu, na nadhani alikuwa sahihi. Marufuku ililegea pole pole, kwa masharti: mpiga picha awe mwanamke, awe amechezwa, na jina lake lifike kwa kungwi kabla ya siku. Ukiniuliza faida ya kukataa ile pesa, sina hesabu ya kukuonyesha. Ninachojua ni kwamba masharti yale yalipowekwa, mimi tayari nilikuwa nayatimiza.

Kuhusu makaratasi ya mjini nitapita haraka, maana hayana utamu lakini yanalisha. Chukua TIN, namba ya mlipakodi, ni bure. Shirika au taasisi ikikulipa kwa huduma, watakata asilimia 5 ya kodi ya zuio, kwa hiyo ankara ya Sh 600,000 inakuletea 570,000. Usigombane na mhasibu, siyo yeye. Omba cheti cha makato, kitunze, ile ni kodi yako imeshatangulia. Kama unataka kazi za Serikali, zabuni ziko kwenye NeST siku hizi, mfumo wa manunuzi wa mtandaoni, na usipokuwa umejisajili hata afisa anayekupenda hawezi kukusaidia. Na uandike kwenye mkataba picha zitatumika wapi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, lakini haitakwenda yenyewe kumgongea mtu mlango. Taasisi moja ilichukua picha yangu ya mama anayebangua korosho, niliyowauzia kwa ajili ya ripoti, ikaiweka kwenye kalenda na mabango. Nilipeleka mkataba, nikawaonyesha mstari unaosema ripoti pekee. Walilipa bila ugomvi, baada ya kunizungusha sana. Nusu ya nyongeza ile nilimpelekea mama wa kwenye picha. Alicheka, akauliza kama naweza kumpiga nyingine.

Watu huuliza pia kwa nini sihamii Dar. Ni swali la zamani huku Kusini. Edward Said Tingatinga, ambaye mtindo wake wa uchoraji unauzwa kwa watalii mpaka leo, alitoka Tunduru na jina lake alilipata Dar es Salaam kabla hajafariki mwaka 1972. George Lilanga, Mmakonde wetu, naye Dar ndiko dunia ilikomjulia. Wachongaji wa mpingo walihama na patasi zao, wakajaa Mwenge. Kwa hiyo imekuwa kama sheria: ukiwa na kipaji, panda basi. Sina ugomvi na wanaopanda. Kwa mchongaji ilikuwa na maana, mnunuzi wake alikuwa mtalii na mtalii alikuwa Dar. Mnunuzi wangu mimi ni shangazi wa mwali, na shangazi wa mwali yuko Mahuta. Nikihamia Dar nitakuwa mpiga picha mmoja kati ya maelfu wanaogombea kumbi zile zile, na nauli ya kumfuata mteja wangu itakuwa yangu.

Dar naihitaji kwa kitu kimoja tu, albamu ngumu zenye jalada la ngozi. Miaka mingi nilizichapisha huko zikaja kwa basi. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua, barabara ikakatika Somanga na maeneo mengine, mabasi yakakwama, na albamu za maharusi wawili zikakwama nazo. Mmoja wa mabibi harusi alinipigia usiku akilia kana kwamba mimi ndiye niliyeleta mvua. Baada ya hapo nilianza kuchapisha picha hapa hapa kwa mashine ndogo, nikamtafuta fundi wa kushona vitabu anisaidie majalada kwa vitenge. Si mazuri kama ya Dar, nikuambie ukweli. Lakini akina mama wanayapenda, wanaleta vitenge vyao wenyewe, vile vya sare ya siku ile, na mimi natoza zaidi kuliko nilivyokuwa natoza ya ngozi.

Bado sijagusa vifaa, na najua wengine mlikuwa mnasubiri. Nitasema kimoja: kuanzia Juni, unapopita mashambani, funga begi lako. Unga wa salfa unapulizwa, unasafiri kwa upepo, unakaa kwenye kila kitu. Niliwahi kufungua lenzi ya kijana mmoja, ndani kulikuwa na vumbi la njano kama poda ya mtoto. Usibadilishe lenzi njiani, badilisha ndani ya nyumba, na ukiwa na moja tu inayofaa karibu na mbali, baki nayo hiyo siku nzima.

Siku hizi nina msaidizi mpya, binti wa Mikindani, mwepesi, jicho lake limenizidi. Yeye hapigi picha sana, anachukua vipande vya video vya sekunde chache, anaweka muziki, anarusha TikTok, na kweli vimeniletea wateja wa harusi kutoka Lindi na hata Songea. Oktoba 2024 bei ilipofunguka zaidi ya Sh 4,000 kwa kilo, simu haikupumzika, na nusu ya waliopiga walisema wameona video. Siwezi kubisha na hilo. Lakini anataka kurusha na siku za kuwatoa wali. Anasema ni nje, siyo ndani, wewe mwenyewe umenifundisha mpaka ule. Mimi nasema mwali ni mtoto wa watu, ana miaka kumi na kitu, picha iliyo kwenye albamu ya mama yake si sawa na picha iliyo kwenye simu ya kila mtu. Yeye anasema wageni mia mbili walikuwa na simu na wamesharusha. Kwa sasa tumekubaliana arushe harusi tu, na bibi harusi aweke saini kwenye karatasi. La wali bado tunabishana, na mwezi ujao tunakwenda kulipeleka Tandahimba.